Mwenye nyumba akibadili masharti ya mkataba wa pango katikati ya muda, sheria inasemaje?

Leo tuongelee jambo linalowagusa karibu wote tunaopanga hapa Lipangalala, Kibaoni, Viwanjasitini na Ifakara nzima kwa ujumla. Mtu kalipa chumba miezi sita, mwezi wa tatu tu anagongewa mlango: "Kijana, kuanzia mwezi ujao chumba ni elfu hamsini na tano." Mwingine ana fremu ya kunyoa, anaambiwa choo atalipia na ulinzi atalipia, wakati kwenye mkataba havimo. Mwingine kakodi ekari tatu za mpunga, kalima na kupanda, halafu mwenye shamba anakuja kusema bei ile ilikuwa ya mwaka jana, aongezwe gunia moja kila ekari.

Swali ni moja tu: mtu mmoja anaweza kubadili mkataba peke yake? Jibu fupi ni HAPANA. Jibu refu lina kona zake, na kona hizo ndizo zinazowaliza watu. Kama uko kafe na dakika zako zinakimbia, mwambie jamaa akuchapishie ukasome nyumbani, maana kuna mahali utatakiwa kurudia.

MKATABA WA PANGO NI NINI?

Kwa Tanzania Bara mikataba inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Pango la nyumba na ardhi linaguswa pia na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113. Ukizisoma pamoja utaona mkataba wa pango unahitaji mambo ya kawaida tu: watu wawili wenye akili timamu na umri wa kuanzia miaka 18, wamekubaliana kwa hiari bila kutishwa wala kudanganywa, kuna kitu kinachopangishwa, kuna bei na kuna muda.

Wengi wanadhani bila karatasi hakuna mkataba. Sio kweli. Sheria ya Ardhi inatambua pango la muda mfupi, yaani la mwaka mmoja au pungufu, na pango hilo linaweza kufanyika hata kwa mdomo. Kwa hiyo wewe uliyempa mwenye nyumba laki mbili na arobaini za miezi sita, ukapewa funguo ukaingia, una mkataba. Shida yako haipo kwenye kuwa nao, ipo kwenye kuuthibitisha. Ndiyo maana risiti, meseji na kumbukumbu za kutuma hela kwa simu ni mali. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Usifute meseji za mwenye nyumba hata kama simu imejaa.

KANUNI KUU: ANAYETAKA KUBADILI ANAOMBA, HAAMURU

Sheria ya Mikataba kifungu cha 37 inasema wenye mkataba wanatakiwa kutekeleza kila mmoja alichoahidi. Kifungu cha 62 kinaruhusu mkataba kubadilishwa, kufutwa au kuwekwa mwingine mahali pake, lakini ni pale WENYE MKATABA WANAPOKUBALIANA. Sio mmoja. Wote.

Maana yake kwa lugha ya mtaani: mwenye nyumba akija na bei mpya katikati ya muda, kisheria amekuletea ombi. Ombi lina majibu matatu. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, unaweza kusema tukutane katikati. Ukikataa, mkataba wa zamani unaendelea kama ulivyokuwa, hakuna kilichoharibika.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Kukubali sio lazima useme "nimekubali" au utie saini. Ukilipa ile bei mpya mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila neno lolote, mbele ya baraza itaonekana ulikubali kwa matendo. Huwezi kuja baadaye kusema ulikuwa unalipa huku roho inakuuma. Roho haionekani kwenye risiti.

Tuchukue mfano. Ulipanga chumba kwa elfu 40 kwa mwezi, ukalipa miezi sita. Baada ya miezi miwili anasema iwe elfu 55. Miezi iliyobaki ni minne, na ongezeko ni elfu 15 kwa mwezi, jumla elfu 60. Hiyo elfu 60 hudaiwi na mtu. Ukiitoa umetoa kwa kukubali kwako, na umemwonyesha kwamba karatasi yenu inafutika.

Kama hali imekubana na unaona bora ulipe ili usalale nje, basi lipa huku ukiandika. Meseji fupi inatosha: "Nimelipa nyongeza kwa sababu umesema utanifungia mlango. Sijakubali kubadili mkataba." Mkubali wa kutishwa sio mkubali, lakini ni wewe utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulitishwa.

NGAO YAKO NI MUDA

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana watu wanachanganya mambo mawili. Tanzania Bara iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna kiwango cha juu kilichowekwa kisheria kwa chumba au fremu ya mtu binafsi. Mwenye nyumba anapanga bei anayotaka, na wewe unakubali au unatafuta kwingine.

Kwa hiyo kinachokulinda ni muda uliokubaliwa. Ndani ya muda, bei ni ile ile. Muda ukiisha, ngao nayo imeisha. Ukimaliza miezi sita na mwenye nyumba akasema mkataba mpya ni elfu 70, hajavunja chochote. Anaweza kuwa na roho ngumu, lakini hajavunja mkataba, kwa sababu ule wa zamani haupo tena.

Na wewe unayelipa mwezi kwa mwezi je? Sheria ya Ardhi inasema pango lisilotajwa muda linahesabiwa kwa vipindi vya malipo. Ukilipa kila mwezi, una pango la mwezi kwa mwezi, na anayetaka kulisitisha anatakiwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho, yaani mwezi. Hivyo hawezi kukuambia Jumatatu kwamba Ijumaa bei imepanda au uhame. Lakini mwezi mmoja ndio ulinzi wako wote. Watu wengi wanaona afadhali kulipa kidogo kidogo, na kweli kuna nafuu ya mfuko, ila wajue wamenunua ulinzi wa siku thelathini.

Tuangalie majirani. Kenya kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301, iliyoanza mwaka 1965. Kwa mapango inayoyalinda, mwenye jengo akitaka kubadili sharti lolote lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili. Mpangaji asiyeridhika anakwenda kwenye baraza maalumu la mapango ya biashara, na akishafungua shauri kabla ya siku ile, notisi inasimama mpaka baraza liamue. Uganda nao walipata sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, na ndani yake ongezeko la kodi limewekewa ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka. Sisi Bara hatuna vitu hivyo. Sisi tuna kile tulichoandikiana. Ndiyo maana karatasi ya mkataba kwa Mtanzania ina uzito kuliko anavyodhani.

NJIA ZINAZOTUMIKA KUBADILI MASHARTI

Sio kila anayebadili anakuja na neno "napandisha". Zipo njia za pembeni.

1. Kodi ya majengo kwenye LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Inakatwa kwa mpangaji kwa sababu tu yeye ndiye anayenunua umeme. Kama mkataba wako hausemi utailipa wewe, mnapaswa kuhesabiana. Weka zile meseji za LUKU, zinaonyesha makato.

2. Kodi ya zuio kwenye fremu. Mfanyabiashara aliyepanga fremu anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye jengo. Ikiwa fremu ni laki moja, elfu kumi inakwenda TRA na elfu tisini kwa mwenye jengo. Wenye majengo wengi wanasema "mimi nataka laki yangu kamili, hiyo ya TRA ni yako." Akisema hivyo kabla ya kusaini, ni mapatano ya bei. Akisema baada ya kusaini, amekupandishia pango.

3. Huduma zinazoondolewa. Bei haijaguswa, lakini maji ya bomba yamefungwa, stoo imechukuliwa, uwanja wa kuanikia umejengwa banda. Kama vitu hivyo vilikuwa sehemu ya mlichokubaliana, kuviondoa ni kubadili mkataba. Bei ile ile kwa kitu pungufu ni ongezeko.

4. Nyumba kuuzwa. "Mimi ndiye mwenye nyumba mpya, simjui mtu." Kwa kawaida anayenunua nyumba yenye mpangaji anainunua pamoja na pango lililomo. Anachukua haki ya kupokea kodi na anachukua wajibu wa kusubiri muda wako uishe. Mwonyeshe mkataba na risiti mapema kabla hajaanza kubomoa.

5. Bei ya dola. Huku kwetu ni nadra, ila kwa walio Dar na Arusha: kanuni za mwaka 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mtu asikuambie kuanzia leo pango ni dola.

6. Kifungu cha mtego. Kuna mikataba ina mstari huu: "Mwenye nyumba anaweza kubadili masharti wakati wowote." Ukisaini umempa kalamu. Unaweza kubishana baadaye kwamba kifungu hakieleweki mipaka yake, lakini kubishana ni gharama. Kabla ya kusaini, omba mstari huo ukatwe, wote mtie saini pembeni ya mkato. Akikataa kabisa, basi iandikwe kwa hesabu: nyongeza isizidi kiasi fulani, baada ya miezi fulani, kwa notisi ya siku fulani.

MASHAMBA YA MPUNGA

Bonde la Kilombero ni mpunga, na vijana wengi hatuna mashamba, tunakodi kwa msimu. Hapa mkataba wa mdomo ndio umetawala, na ndipo hasara inapokuwa kubwa kuliko ya chumba. Chumba ukifukuzwa unabeba godoro. Shamba ukishalima, kupanda na kupalilia, huwezi kubeba.

Ubishi wa kawaida ni wa aina mbili. Kwanza, mwenye shamba anarudi baada ya trekta kupita. Ameona mtu mwingine anatoa zaidi, au ameona ardhi imeshafunguka, anataka kulima mwenyewe. Pili, anarudi karibu na mavuno akiona bei ya mpunga nzuri, anataka magunia juu ya hela aliyopokea.

Yote mawili ni kubadili mkataba uliokwisha kuanza kutekelezwa. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Kwa hiyo usidai hela ya kukodi peke yake. Andika gharama zote: trekta, mbegu, vibarua wa kupanda, dawa, palizi. Chukua risiti dukani hata kama ni ya elfu tano. Sheria hiyo hiyo inaangalia pia kama ulijitahidi kupunguza hasara. Ukinyang'anywa shamba Desemba na kuna lingine la kukodi jirani, huwezi kukaa kijiweni msimu mzima halafu udai mavuno yote.

Kwa shamba andikeni mambo haya: ukubwa kwa ekari na mipaka (mti gani, mfereji gani, kwa nani), msimu unaanza lini na unaisha lini, na neno muhimu sana: "mpaka mavuno yatoke shambani". Mvua zikichelewa, mavuno yanachelewa. Mkataba ulioandikwa tarehe tupu unaweza kuisha mpunga ukiwa bado unasimama. Saini mbele ya mashahidi wa pande zote, na kama shamba liko kijijini, ofisi ya kijiji ijue.

MPANGAJI NAYE HARUHUSIWI KUBADILI

Tuwe wakweli wadau, na sisi tunabadili. Umepanga chumba cha kulala, umefungua saluni. Umeandikisha watu wawili, mnaishi sita. Umepangisha fremu kwa rafiki yako bila kumwambia mwenye jengo. Umekubali kulipa miezi sita mbele, sasa unaleta elfu kumi kumi. Sheria inayomfunga yeye inakufunga na wewe. Ukiacha kulipa kwa sababu "na yeye hajatengeneza bati", unampa sababu ya kukutoa kihalali wakati mwenye kosa la kwanza alikuwa yeye. Lipa, dai bati kwa maandishi.

Kuna jambo moja ambalo wenye nyumba huona kama mpangaji anabadili masharti, kumbe sivyo. Mji wetu uko bondeni, na Mto Lumemo ukifurika masika maji yanaingia majumbani. Sheria ya Ardhi inaweka ndani ya mikataba ya pango ahadi za mwenye nyumba hata kama hazikuandikwa. Mojawapo ni mpangaji kuachwa atumie sehemu yake kwa amani. Nyingine ni kwamba nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji hata isikalike, kodi au sehemu yake inasimama mpaka itengenezwe. Ukuta ukianguka kwa maji ukaomba usilipe miezi ambayo hukukaa, hubadili mkataba. Unakumbusha kilichomo.

UKIPUNGUZIWA HALAFU AKAGEUKA

Mwenye nyumba mwenye huruma anaweza kusema, "Biashara mbaya, lipa nusu." Baada ya mwaka anasema anadai nusu zote zilizobaki. Inawezekana?

Kesi maarufu ya jambo hili ni ya London. Mwaka 1937 jengo la nyumba za kupanga lilikodishwa kwa kampuni kwa miaka 99, kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Vita Kuu ya Pili ikaja, watu wakahama, vyumba vikabaki vitupu. Mwaka 1940 wenye jengo wakakubali kwa maandishi kodi iwe pauni 1,250. Vita ilipoisha mwaka 1945 vyumba vikajaa tena, wakadai kodi kamili. Jaji Denning aliamua mwaka 1947 kwamba kodi kamili inarudi tangu vyumba vilipojaa, kwa kuwa punguzo lilikuwa la wakati wa shida. Ila akasema hawawezi kugeuka na kudai nusu za miaka ya vita, maana mwenzao aliendesha mambo yake akiamini ahadi ile.

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, nayo inamzuia mtu kukana alichomfanya mwenzake akiamini na kutenda. Fundisho ni rahisi: ukipunguziwa kodi, omba iandikwe ni kiasi gani na ni mpaka lini. Hata meseji ya mstari mmoja.

HATA WAKUBWA WANAGOMBANA

Usidhani haya ni ya vyumba vya elfu arobaini. Mwaka 2000 kitengo cha makontena cha Bandari ya Dar es Salaam kilikodishwa kwa kampuni ya TICTS kwa miaka 10. Mwaka 2005 mkataba ukarekebishwa na muda ukawa miaka 25. Mwaka 2008 Bunge likaujadili na wabunge wakataka nyongeza ile iangaliwe upya. Kampuni ikaendelea kuwepo kwa miaka mingi mpaka ilipoondoka mwishoni mwa 2022. Watu walilalamikia mabadiliko yale, lakini yalikuwa yamesainiwa pande zote mbili, na karatasi iliyosainiwa pande zote haiondoki kwa kelele.

Mwaka 2017 serikali ikapitisha sheria ya mapitio na majadiliano kuhusu masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Kwa sheria hiyo Bunge linaweza kuitaka serikali ijadiliane upya na mwekezaji, na asipokubali, sharti hasi linahesabika limefutwa. Huo ni upande mmoja kubadili mkataba, na ilibidi itungwe sheria maalumu ili iwezekane. Mwenye nyumba wako hana Bunge.

UFANYE NINI SIKU AKIJA

Kwanza usigombane na usilipe papo hapo. Mwambie, "Mzee nimekusikia, naomba niangalie mkataba nitakujibu." Umpe heshima yake, maana bado mtaishi uwanja mmoja.

Pili, soma mkataba, angalia muda na angalia kama kuna kifungu cha nyongeza.

Tatu, jibu kwa maandishi. Mfano huu unaweza kuunakili:

"Kwa mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji wako wa chumba namba (...). Tulikubaliana kodi shilingi (...) kwa mwezi kuanzia tarehe (...) hadi tarehe (...). Tarehe (...) umeniambia kodi iwe shilingi (...). Sijakubali mabadiliko hayo kabla muda wetu haujaisha. Nitaendelea kutimiza masharti tuliyokubaliana. Niko tayari tuzungumze kuhusu mkataba mpya kabla ya tarehe ya mwisho. Saini, tarehe, shahidi."

Andika nakala mbili, yako aisaini kwamba amepokea. Akikataa, piga picha umtumie kwa simu.

Nne, akikataa kupokea kodi ya zamani, usiile. Tuma kwa simu yake, au iweke pembeni na ushahidi kwamba ulimpelekea. Hila ya zamani ni mtu kukataa hela halafu akasema hulipi.

Tano, tafuta usuluhishi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha, ila yeye sio mahakama. Baraza la Kata linapatanisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi, lina siku 30 za kusuluhisha, na likishindwa linaandika hivyo. Ukiwa na uthibitisho huo ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa Kilombero limekuwa likikaa hapa hapa Ifakara. Kama unachodai ni hela tu ulizolipishwa zaidi, Mahakama ya Mwanzo inaweza kuwa mlango wako. Uliza kwanza kwa msaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017. Madai ya mkataba yana muda wa miaka sita, usiyalalie.

Sita, akikufungia mlango, akang'oa bati au akatoa vitu nje bila amri ya chombo cha sheria, hiyo tena sio habari ya kodi. Ita mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, piga picha, nenda polisi. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji amri, na hata anayedaiwa kweli ana haki hiyo.

Kitu cha mwisho kwa wanaosaini karatasi: mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Watu wengi hupuuza, wakifika barazani ndio wanaanza kukimbizana na TRA.

Haya wadau, nimejitahidi kuweka mambo ya msingi. Kama una mkataba wenye kifungu cha ajabu, andika maneno yake hapo chini bila kutaja jina la mwenye nyumba, tukichambue pamoja. Na wenye nyumba mnaosoma hapa nanyi semeni, maana saruji na bati vinapanda bei na hatujakataa kwamba mna mzigo wenu. Tunachoomba ni kwamba bei mpya isubiri mkataba mpya.